Mzunguko Nilioufunga kwa Kalamu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupima kitu, nilibeba. Mpima wa Wilaya alinitazama mabega, akanitazama viatu, kisha akanikabidhi sanduku la theodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe, tukaanza kupanda kwa miguu kuelekea shule moja ya Kitura iliyokuwa na ugomvi wa mpaka na majirani zake. Nilikuwa nimetoka chuoni mwezi uliopita. Cheti changu nilikiweka kifuani ndani ya shati, kana kwamba huko milimani kuna mtu angeniuliza. Tulipofika juu kilikuwa kimelowa jasho.

Mpima wa Wilaya alikuwa mzee wa maneno machache. Alikaa juu ya jiwe, akanywa maji, ndipo akaniuliza, "Stafu umefundishwa kuisoma?"

"Ndiyo, mzee."

"Unaisoma mara ngapi?"

"Mara moja, mzee, nikiwa na uhakika."

"Hapana. Unasoma, unaandika, unasoma tena. Na ukifika mwisho wa kazi unarudi ulikoanzia, hata kama mvua inanyesha."

Vijana mnaopima leo kwa mitambo inayozungumza na setilaiti huenda hamjawahi kuishika stafu, kwa hiyo nieleze kidogo. Stafu ni ubao mrefu wenye namba, unaosimamishwa wima na msaidizi. Mpima anakaa kwa mbali akiwa na levo, darubini iliyosawazishwa juu ya miguu mitatu, anaisoma ile namba. Anasoma stafu ikiwa nyuma yake, kisha ikiwa mbele yake, na tofauti ya namba hizo mbili inamwambia ardhi imepanda au imeshuka kiasi gani. Anaendelea hivyo hatua kwa hatua, mlima na bonde, mpaka mwisho wa njia. Kisha anarudi akipima mpaka pale alipoanzia. Akikuta kimo kilekile alichoanza nacho, kazi ni safi. Sisi tuliita kufunga mzunguko. Akikuta kimo kingine, ameharibu mahali fulani, na hana budi kupatafuta.

Nilifanya kazi chini ya mzee yule miaka minne. Alipostaafu alinipa mkono, akaniambia nisiache kuvaa kofia, akaondoka. Nilitegemea angesema zaidi.

Baada yake nilipita kwenye vituo vingi. Nilipima viwanja vya mji mdogo, mashamba ya kahawa, barabara za kata, njia za nguzo za umeme. Miaka ya katikati ya kazi yangu niliingia zaidi kwenye mikuza. Mkuza ni ule ukanda wa ardhi unaotengwa kwa ajili ya barabara, bomba au waya, ili mtu asijenge wala kupanda miti ndani yake. Kazi ya kupanga mkuza ni kazi ya kuchagua nani ahame na nani abaki, ingawa kwenye taarifa hatukuandika hivyo. Tuliandika umbali, mwinuko na aina ya udongo.

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuwa mtu wa peke yangu. Mpima akiingia kijijini na vigingi vyake, mazungumzo yanakatika. Nilikuwa nikiingia kwenye kibanda cha chai, watu wanne wanacheka, nikikaa wanakuwa watu wanne wanaokunywa chai. Waliniamkia vizuri, waliniita Bwana Mpima, walinipisha kwenye benchi. Hakuna aliyeniuliza watoto wangu wanaendeleaje. Wasaidizi wangu wawili walipata marafiki kila tulipopiga kambi. Mimi nilipata salamu.

Nyumbani kwangu ni Litembo. Mke wangu Agnes alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye aliyelima, aliyejenga jiko, aliyemzika mama yangu nikiwa kambini, kwa sababu habari zilinifikia siku ya tatu. Kila niliporudi nilikuta kitu kimebadilika. Sukari imehamishwa kabati, mtoto amebadilisha kitanda, jirani amehama. Agnes alinitengea kiti kizuri, akaniletea maji ya kunawa, watoto wakanyamaza ili baba apumzike. Nilitaka kuwaambia waendelee kupiga kelele, lakini sikujua niseme vipi. Nilikuwa nikipewa kiti nyumbani kwangu mwenyewe, na siku ya tatu naondoka.

Ndipo ukaja mradi wa maji ninaotaka kuueleza. Chanzo kilikuwa juu milimani upande wa Kingerikiti, na bomba lilitakiwa kuteremka hadi kijiji kimoja cha mwambao wa ziwa. Kijiji hicho sitakitaja, wenyewe watajijua. Walikuwa na ziwa zima mbele yao, na kila msimu wa mvua walikuwa wakizika watu kwa kuhara. Mradi ulikuwa wa mserereko, maana yake hakuna pampu. Maji yanashuka yenyewe kwa uzito wake, yanapumzika kwenye tangi la katikati, yanashuka tena. Yanaweza hata kupanda kilima kilichoko mbele, ilimradi kilima hicho kiwe chini kuliko tangi yalikotoka. Na kulikuwa na kilima kama hicho. Kati ya tangi na kijiji kulikuwa na kigongo kirefu chenye miombo, na bomba lilitakiwa kukivuka.

Swali zima la mradi lilikuwa hilo: kigongo kiko juu ya tangi au chini yake? Kwa macho huwezi kujua. Ni mwendo mrefu, msitu unaziba, mabonde yanadanganya. Ni levo tu inayojua, na levo ilikuwa mkononi mwangu.

Nilipima kutoka tangi hadi kigongo kwa siku nne. Nikafika juu siku ya Ijumaa mchana. Kitabu changu cha uwandani kilionyesha kigongo kiko mita saba chini ya tangi. Nilifurahi, maana yake njia fupi inawezekana. Kilichobaki ilikuwa kurudi tangi nikipima, siku nne nyingine.

Jumapili ile binti yangu mkubwa alikuwa anapokea Komunyo ya Kwanza. Nilikosa ubatizo wake. Nilikosa pia siku alipovunjika mkono. Agnes alikuwa ameniandikia barua fupi kuniambia tarehe, na chini yake hakuandika nije. Aliandika tu kwamba gauni limepatikana. Niliisoma barua ile mara nyingi kuliko nilivyosoma stafu wiki ile.

Niliwaambia wasaidizi wangu wafunge vifaa, tutamalizia wiki ijayo. Nilishuka, nikapata lifti ya lori la mahindi, Jumamosi jioni nikafika Litembo. Jumapili nilikaa kanisani karibu na mke wangu. Binti yangu aliporudi kutoka altareni alinitafuta kwa macho, akaniona, akatazama chini haraka ili asicheke. Ile ni siku moja ya maisha yangu ambayo siibadilishi.

Jumatatu nilikuta ujumbe kwamba Mhandisi wa mradi anahitaji vimo vya njia nzima ifikapo Jumatano, mabomba yanaagizwa. Siku nne sikuwa nazo. Nilikaa mezani nikaandika usomaji wa kurudi. Sikupima, niliandika tu. Nilipanga namba zikapanda vizuri kutoka kigongo hadi tangi, nikaweka tofauti ndogo ya sentimita mbili ili ionekane ya kweli, maana mzunguko unaofunga sawasawa kabisa unatiliwa shaka. Kisha nikasaini.

Wanakijiji walichimba mtaro kiangazi chote. Kila kaya ilipewa kipande chake, wanaume kwa sururu, wanawake kwa jembe, wajane wakasaidiwa na jumuiya zao za kanisa. Katika kigongo mtaro ulipita katikati ya shamba la muhogo la mama mjane mtu mzima, Mama Eskolastika, na yeye akang'oa muhogo wake kwa mikono yake ili njia ipite. Mabomba yalilazwa na Fundi Yohana, fundi bomba wa siku nyingi, Mnyasa wa mwambao huohuo, mtu aliyekuwa akifuta kila kiungo kwa kitambaa kabla ya kukikaza.

Siku ya kujaribu, valvu ikafunguliwa kule tangi. Watu walikuwa wamejipanga na ndoo penye bomba la kijiji tangu asubuhi. Maji hayakuja. Yalikuja mpaka upande wa juu wa kigongo, yakapanda mpaka karibu na kilele, yakasimama. Mhandisi alisema ni hewa, wakatoa hewa. Akasema ni uchafu, wakasafisha. Mwisho akasema ni viungo, vinavuja chini ya ardhi, na akamwambia Fundi Yohana mbele ya watu arudi nyumbani mpaka atakapoitwa.

Fundi hakubisha. Alikusanya spana zake moja moja, akazifunga kwenye gunia, akaondoka kwa miguu. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwake.

Nilijua kabla ya kufungua kitabu. Nilikaa nacho siku mbili bila kukifungua. Nilipokifungua nikajumlisha ukurasa mmoja mmoja, na ukurasa wa siku ya tatu ulikuwa na kosa la mtoto wa shule: nilikuwa nimehamisha namba na kuacha kumi. Mita kumi. Kigongo hakikuwa mita saba chini ya tangi. Kilikuwa mita tatu juu yake. Kama ningerudi nikipima ile Ijumaa, ningelikuta kosa hilo siku ya nne.

Bado nilitamani niwe nimekosea sasa na siyo siku ile. Nikachukua levo na stafu kutoka stoo, nikaenda peke yangu. Sikuwachukua wasaidizi kwa sababu sikutaka waone. Nilitaka kuanzia juu kigongoni, nikafika nikakumbuka jambo ambalo mpima hapaswi kulisahau: mtu mmoja hawezi kupima vimo. Lazima awepo wa kushika stafu.

Mama Eskolastika alikuwa shambani kwake, akifukia mashimo ya muhogo alioung'oa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bwana Mpima. Leo uko peke yako?"

"Niko peke yangu. Naomba unisaidie kushika ubao huu. Ni kazi ya siku nne."

Alinitazama. "Maji yamekwama hapa kwangu, sivyo?"

"Ndiyo, mama."

Akapangusa mikono kwenye kanga, akashika stafu. Nilimwonyesha namna ya kuisimamisha wima, akajifunza haraka kuliko vijana wengi niliowahi kuwafundisha. Tulishuka hatua kwa hatua kwa siku nne, tukizungumza mambo ya kazi tu, kulia kidogo, inua, hapohapo. Tulipofika tangi nilijumlisha, nikarudia kujumlisha. Mita tatu na kidogo.

"Inasemaje?" akauliza.

"Inasema kosa ni langu. Si la Fundi."

Alikaa chini kwenye ukingo wa tangi, akavua kandambili, akakung'uta mchanga. "Wanajua?"

"Bado. Wewe ndiye wa kwanza."

"Basi kawaambie mwenyewe. Mimi nikiwaambia watasema mama huyu anajuaje." Kisha akasema, "Ulikuwa mgonjwa siku ile ulipopima?"

Nikamwambia habari ya Komunyo. "Mimi nimechimba mtaro huu siku ya msiba wa dada yangu," akasema. Hakusema kwa hasira. Alivaa kandambili zake akaanza kupanda kurudi kwake, nami nikabaki na vyombo vyangu.

Mhandisi nilimkuta ofisini kwake kesho yake. Alikuwa mtu mwenye sauti kubwa, lakini nilipomaliza kueleza alizungumza chini sana.

"Usomaji wa kurudi uliutoa wapi?"

"Niliuandika."

"Uliuandika wapi?"

"Mezani, bwana."

Akafunga faili. "Nimemfukuza mzee wa watu kwa namba zako. Utaandika barua wewe mwenyewe, na utasimama kijijini wewe mwenyewe."

Nilisimama. Mkutano wa kijiji, wiki mbili baadaye, ulikuwa mkubwa. Nilieleza mita tatu ni nini, mserereko ni nini, na kwamba viungo vya Fundi Yohana havikuwa na tatizo lolote. Nilitegemea watapiga kelele. Hawakupiga. Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo tulichimba bure?" Nikasema kipande cha kigongoni, ndiyo, bure. Akauliza, "Na sasa?" Nikasema kuna njia nyingine, inazunguka kigongo kwa upande wa kusini, ni ndefu, lakini maji yatapita. Mwenyekiti wa kijiji akasema watachimba. Akafunga mkutano. Watu wakaondoka wakipita pembeni yangu kama maji yanavyopita pembeni ya jiwe.

Adhabu ya ofisi ilikuwa kushushwa cheo na kuhamishiwa chumba cha ramani baada ya kumaliza njia mpya. Lakini wiki zile za njia mpya ndizo adhabu ninayoikumbuka. Wasaidizi walitumwa kwingine, kila siku nikapewa mtu tofauti wa kushika stafu, na kila mmoja alishika bila neno. Nilipika mwenyewe nje ya chumba nilichopewa nyuma ya ghala. Usipa, dagaa wa ziwa lile, ulianikwa kila mahali, nikanunua, hakuna aliyeniongezea hata kidogo juu kama ilivyo desturi ya kule. Nilisoma kila namba mara mbili, kila jioni nikajumlisha, na mzunguko ule nilikwenda nikaufunga kwa miguu yangu, siku sita kwenda na siku sita kurudi.

Fundi Yohana aliitwa tena kulaza mabomba. Tulifanya kazi mtaro mmoja.

"Hapa?" aliuliza.

"Hapa, Fundi."

Akafuta kiungo kwa kitambaa, akakaza. Hayo ndiyo maneno yetu yote, siku zote zile. Kila asubuhi nilipanga kumwambia jambo, na kila jioni nilikuwa sijalisema. Nilijiambia nimekwisha kusema mkutanini, mbele ya watu wote, inatosha.

Maji yalipofika kijijini sikuwepo. Nilikuwa tayari chumba cha ramani, nikipanga makaratasi ya wenzangu. Niliambiwa na dereva. Alisema watu walicheza, na kwamba Mhandisi aliloweshwa suti.

Nilikaa chumba cha ramani miaka kadhaa, kisha nikarudishwa uwandani, nikafundisha vijana, nikajifunza mitambo mipya nikiwa na miwani miwili. Nikastaafu kwa amani. Agnes naye amestaafu. Tunaishi wawili Litembo, watoto wako mbali, na nimegundua kwamba sijui namna ya kukaa na mke wangu. Yeye ana jumuiya yake, ana kwaya, ana kahawa yake na ngoro zake, yale mashimo ya kulimia, kwenye mteremko. Mimi nina kiti. Siku moja nilimweleza habari ya namba nilizoandika mezani na sababu yake. Miaka yote hakuijua. Aliacha kuchambua maharage, akasema, "Sikukuandikia uje."

"Najua."

"Sikukuandikia kwa sababu nilijua usipokuja nitaumia zaidi." Akaendelea kuchambua. Baada ya muda akasogeza ungo katikati yetu, nikachambua upande wangu.

Yeye ndiye aliyeniuliza kama nilikwenda kwa Fundi. Nikasema hapana. Akasema, "Bado unaweza kukaa kwenye bodaboda."

Nilishuka mwambaoni mwezi uliopita. Mama Eskolastika alikuwa amekwisha kufariki, nikaonyeshwa kaburi lake. Fundi Yohana yupo. Ni mzee sana, macho yamefifia, nilimkuta kibarazani akikarabati bomba la mtu kwa kupapasa.

"Shikamoo, Fundi. Ni mimi, Mpima."

"Marahaba. Sauti naijua. Kaa."

Nilikaa. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa siku ile aliporudishwa nyumbani mbele ya watu, nami nimesimama pale nikiwa kimya. Alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea kutafuta nyuzi za bomba.

"Ulisema mkutanini," akasema.

"Nilisema."

"Vizuri. Lakini kulikuwa na wiki tatu kabla ya mkutano. Wiki tatu zile nilikwenda kanisani nikakaa kiti cha nyuma. Benchi zima peke yangu. Mtu ambaye nilimsimamia mtoto wake ubatizo alikwenda kukaa kwingine." Aligeuza bomba. "Hilo la mkutanini lilirudisha kazi. Benchi halikulirudisha. Baadaye walikaa nami, ndiyo. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuwaona."

Miaka yote nilidhani mpweke wa mradi ule nilikuwa mimi. Nilijihesabia zile wiki za nyuma ya ghala, na usipa nisioongezewa. Sikuwahi hata mara moja kumfikiria mtu mwingine kwenye benchi. Nikamwambia hivyo, kwa maneno yaliyokatikakatika. Mjukuu wake wa kike, mama wa watoto wawili, alileta maji kwenye kikombe cha bati, nikanywa, yalikuwa baridi.

Tukakaa mpaka jua likageuka. Aliniuliza kama njia ya kusini imewahi kuziba, nikasema sijasikia, akasema haijaziba. Aliniuliza kama macho yangu bado yanaona namba. Nikasema yanaona za karibu. Bodaboda ilipokuja aliinuka, akanishika mkono kwa sababu haoni vizuri, akanisindikiza hadi barabarani polepole, akisalimiwa na kila aliyepita. Hakusema karibu tena. Alisema tu nimsalimie mama huko nyumbani, na nilipofika Litembo nikamfikishia Agnes salamu hizo.